Tuta la Damaris Holbeach

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku Damaris Holbeach aliposema kwamba bahari inaweza kuwekewa mlango, mimi, Josias Pell, mfumaji wa sufu, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilicheka mbele ya kanisa zima, na wengine wakacheka kwa sababu mimi nilikuwa nimeanza. Basi ni haki habari hii niisimulie mimi, maana nikiiacha, wapo watu hapa mjini watakaoisimulia na kudai kwamba wao waliamini tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeamini. Labda mke wangu Prisca, naye hakusema.

Sisi tulitoka kijiji kimoja cha Suffolk, karibu sote wafumaji. Kosa letu lilikuwa namna yetu ya kusali. Mchungaji wetu, Philemon Craske, alikataa kuvaa lile joho jeupe na kusoma sala alizoandikiwa na wakubwa, askofu akamfungia mlango wa kanisa. Tukahamia kwenye banda langu, tukawa tunaimba zaburi kwa sauti ya chini katikati ya vitanda vya mfumi, mitambo yetu ya kufumia. Maofisa wa askofu wakatufuata hata huko. Walimtoa mchungaji kwa kumvuta ndevu, wakamweka kifungoni majira yote ya baridi. Alipotoka alikuwa amebaki mifupa mitupu, lakini sauti yake ilikuwa ile ile. Akasimama mbele yetu akasema, "Jamani, mimi naenda Amerika. Anayetaka kusali nami, afungashe."

Tukafungasha, watu sitini na wanne.

Damaris hakuwa mwenzetu. Tulimkuta bandarini, mjane wa miaka arobaini hivi, mrefu, viganja vipana kama vya mwanaume, ametokea kwenye mabwawa ya Lincolnshire. Kanisa lake dogo lilikuwa limetawanywa na maofisa wa namna ile ile, akawa anatafuta watu wa kusafiri nao. Mchungaji alimhoji imani yake, akaridhika. Sisi wengine tulihoji mizigo yake. Kila mtu alipakia vitanda, masufuria na mablanketi. Yeye alikuwa na sufuria moja na sepetu tatu, nyembamba na ndefu, zimefungwa kwenye gunia kwa uangalifu kama watoto wachanga.

Kwetu watu wa mabwawani huchekwa. Inasemwa wana ngozi katikati ya vidole vya miguu. Siku ya pili baharini, watu wakiwa wamekaa sitahani wakiota jua, nikaona ni wakati mzuri wa kumchokoza.

"Mama Holbeach, eti ni kweli nyie mna miguu ya bata?"

"Ni kweli, Ndugu Pell," akajibu bila kuinua macho kwenye soksi aliyokuwa akiitia kiraka. "Ndiyo maana hatuzami. Nyie wafumaji mmejipangaje?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikatafuta shughuli upande wa pili wa meli.

Meli yetu iliitwa Korongo, na tulikaa ndani yake wiki kumi. Biskuti zilikuwa ngumu hadi tukazivunja kwa nyundo, na maji ya kunywa yaligeuka rangi ya kijani. Wiki ya sita ilikuja dhoruba iliyotupiga siku nne mfululizo. Maji yaliingia ngamani, chini kabisa ya meli, kwa wingi kuliko pampu ilivyoweza kuyatoa. Ng'ombe wetu saba walikuwa huko chini, wakianguka na kugongana, na mabaharia wakaamua watupwe baharini ili meli iwe nyepesi. Nahodha akakubali. Walipofika kwenye ngazi ya kushukia, walimkuta Damaris amesimama chini yake, maji yamemfika magotini.

"Mkitaka kuwatupa hawa, mnitupe mimi kwanza!" akapiga kelele. "Tukifika bila ng'ombe, hawa watoto watakunywa nini? Mahubiri?"

Mchungaji Craske, ambaye alikuwa akitapika kwenye ndoo hatua tatu tu kutoka pale, alicheka katikati ya kutapika. Nahodha akashuka mwenyewe ili amwondoe. Akaona kwamba ng'ombe wanne wa kwanza walikuwa wameshapitishiwa vipande vya tanga bovu chini ya matumbo na kuning'inizwa kwenye mihimili, kwato zikigusa sakafu kidogo tu, hivi kwamba meli ilipoyumba wao walibembea tu bila kuumia. Nahodha alitazama kwa muda, akawaambia watu wake, "Msaidieni na hao watatu." Jua lilipotoka siku ya tano, ng'ombe wote saba walikuwa hai, na nahodha yule aliyekuwa hamvulii kofia hata mchungaji, alimvulia Damaris.

Tulishuka mwezi wa Juni. Baraza la koloni lilitupa eneo kwenye mlango wa mto, mwendo wa siku mbili kutoka mji mkubwa. Palikuwa na watu tayari, au waliosalia. Maradhi yaliyoletwa na meli za wavuvi waliotutangulia yalikuwa yamemaliza vijiji vizima, na mashamba yao yalikuwa yameota vichaka. Tulisema wakati ule kwamba Mungu ametuandalia mahali. Sasa nikikumbuka nyuso za wale waliobaki wakituangalia tukiteremsha mizigo, siwezi kuyarudia maneno yale. Mkuu wao alikubali tukae, kwa sharti kwamba watu wake waendelee kuvua mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye kijito na kuokota kombe ufukweni kama walivyofanya siku zote. Mchungaji aliweka sahihi, na mkuu akaweka alama yake.

Mashamba yaligawanywa kwa kura, ila mjane asiye na mtoto alipewa kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa ekari mbili za kinamasi. Kinamasi hicho kilikuwa kikubwa, kama ekari mia, cheusi, tambarare, bila mti wala jiwe, na kila bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, bahari ilikuja ikakilalia. Sisi wengine tulipata mawe. Kila jembe liliposhuka lilitoa cheche. Jioni moja ya Septemba, baada ya ibada, watu wakilalamika mlangoni, ndipo Damaris aliposema yale maneno.

"Mnahangaika na mawe, na ardhi nzuri iko pale chini. Imefunikwa tu. Tukijenga tuta na kuweka mlango wa maji, bahari itabaki nje."

"Bahari utaiwekea mlango?" nikauliza. "Na komeo je? Itabisha hodi?"

Hapo ndipo nilipocheka. Mzee wa kanisa, Obadiah Thurlow, mtu mnene mwenye ugonjwa wa kifundo cha mguu na maoni juu ya kila kitu, alitikisa kichwa akasema, "Dada, Mungu aliiwekea bahari mipaka yake. Sisi hatuna haja ya kumrekebisha."

"Mzee Thurlow," akasema Damaris, "Mungu aliumba na baridi, na naona umevaa koti."

Siku iliyofuata alianza peke yake. Alichagua nusu ekari ya kile kipande chake akawa anakata mabonge ya udongo wenye majani, marefu kama mikate, akiyapanga ukuta mnyoofu upande wa ndani na wenye mteremko upande wa bahari. Prisca alinitazama nikimtazama.

"Nenda kamsaidie."

"Mimi ni mfumaji."

"Ulikuwa mfumaji. Hapa huna sufu, huna soko, na una mdomo mkubwa. Nenda."

Nikaenda. Damaris hakunisema hata neno moja juu ya kicheko changu. Alinipa sepetu na kunionyesha pa kukata. Siku ya tatu mikono yangu ilikuwa nyama tupu, na ukuta ulianza kumomonyoka kila maji yalipojaa.

"Unahitaji mifupa," akasema. "Kwetu tunasuka fito za mti mwororo, tunazisimamisha ndani ya udongo. Lakini mimi si msukaji mzuri."

Nilizitazama zile fito. Kupita juu, kupita chini, kupita juu. "Mama Holbeach," nikasema, "huu si uzi tu ulionenepa?" Siku ile nilisuka hatua kumi na mbili za uzio, na ndiyo mara ya kwanza tangu Uingereza nilipohisi kuwa mikono yangu inajua kitu.

Tulimaliza nusu ekari kabla ya theluji. Mlango wake ulikuwa ubao mmoja unaoning'inia kwa ngozi kwenye mdomo wa bomba la mbao. Maji ya bahari yakipanda, yanausukuma ubao na kuufunga. Yakipwa, maji ya mvua yaliyo ndani yanausukuma na kuufungua. Hakuna mtu wa kuugusa. Nilikaa pale nikiuangalia unavyofanya kazi mara sita, saba, kama mtoto.

Majira ya baridi yalituvunja. Kiseyeye na homa vilichukua watu kumi na mmoja, miongoni mwao mke wa Mzee Thurlow na mwanangu wa pili, Enoki. Majani ya mifugo yaliisha mwezi wa Februari, tukachinja ng'ombe watatu waliokuwa hawawezi tena kusimama. Na mwezi wa Aprili ikaja barua kutoka baraza. Mchungaji aliisoma ibadani mara mbili, ya pili kwa sababu hatukutaka kuamini ya kwanza. Kama kufikia mavuno hatutaweza kujilisha wenyewe, mji wetu utafutwa. Familia zitagawanywa kwenye miji mingine, mbili huku, moja kule, watoto wakubwa wawekwe kwenye nyumba za watu kama watumishi.

"Tulivuka bahari ili tukae pamoja," akasema mchungaji, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikatika.

Ndipo Prisca, ambaye kwa desturi yetu hakutakiwa kusema ndani ya ibada, akainuka akatoka nje. Wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wanaume tukabaki tukitazamana, kisha tukawafuata, na tukawakuta wamesimama kwenye ukingo wa ile nusu ekari. Theluji na mvua zilikuwa zimeosha chumvi. Damaris alikuwa amepanda shayiri wiki kadhaa kabla, na sasa ilikuwa imeota, kijani kibichi, imepangana vizuri kuliko kitu chochote tulichowahi kupanda kwenye mawe yetu. Na kinamasi kilichoizunguka kilikuwa kimelala chini ya maji, maana ilikuwa bamvua.

Mzee Thurlow alichuchumaa kwa taabu, akagusa udongo, akaonja kidole chake.

"Hauna chumvi," akasema.

"Una kidogo," akasema Damaris. "Shayiri haijali. Na majani ya ng'ombe hayajali hata zaidi. Nikipewa watu wote hadi Septemba, nitakifunga kinamasi kizima. Majani tutakata mwaka huu huu."

"Watu wote?"

"Wote. Hata wewe, Mzee. Utakaa chini usuke fito."

Thurlow alitazama upande wa makaburi. "Basi nitasuka," akasema.

Tukapima mstari wa tuta. Hapo ndipo alipokuja Sokanon. Alikuwa mwanamke wa wale wenyeji, mwenye mashamba yake ya mahindi ng'ambo ya mto, na maneno machache ya Kiingereza aliyoyapata kwa wavuvi. Alisimama akiangalia vigingi vyetu, akamwendea Damaris moja kwa moja, akamshika mkono akampeleka hadi kwenye mwerezi mkavu ulioanguka kandokando ya kinamasi. Katika matawi yake, juu kupita kichwa changu, kulikuwa na mwani mkavu, mweusi.

"Maji makubwa," akasema Sokanon. "Si kila mwaka. Bibi yangu aliona. Mimi niliona."

Damaris alipanda juu ya lile gogo, akapima kwa mkono wake hadi ule mwani, akarudi. "Tuta liwe hadi pale," akatuambia. "Na kiganja kimoja zaidi."

"Pale!" akasema Thurlow. "Hiyo ni kazi mara mbili. Nimeyaangalia maji haya karibu mwaka mzima, hayajawahi kunifika kiunoni."

"Wewe umeyaangalia mwaka. Yeye ameyaangalia maisha yake."

Sokanon alisubiri wamalize, kisha akaonyesha vile vigingi vilivyokatisha kijito. "Mikunga," akasema. "Mkuu wenu aliahidi."

Ilikuwa kweli. Kwa haraka yetu tulikuwa tumekitenga kijito chao na bahari. Damaris aliving'oa vigingi mwenyewe akavirudisha nyuma, na tukapoteza ekari nane. Wapo walionung'unika. Mchungaji Craske akawaambia, "Tumefukuzwa kwetu na watu wasiotimiza ahadi. Tusianze hapa kwa kuwaiga." Manung'uniko yakaisha. Sokanon alitazama jinsi wanaume walivyokuwa wakibishana na jinsi Damaris alivyokuwa tayari ameanza kuchimba.

"Mwanamke anajua," akamwambia, "na wanaume wanaamua. Kwa nini?"

"Nami najiuliza, dada," akasema Damaris, na wote wawili wakacheka kwa sauti hata wanaume wakageuka kuona kuna nini.

Tulichimba kuanzia Aprili hadi Septemba. Wanaume walikata mabonge ya udongo, wanawake waliyabeba kwa machela, wazee walisuka fito, na seremala wetu alitengeneza mlango mkubwa wa mwaloni wenye bawaba za chuma alizozitoa kwenye milango ya nyumba zetu, tukawa tunalala na mapazia. Tulikula kombe, mahindi na maboga tuliyobadilishana na watu wa Sokanon kwa visu na mablanketi, na maziwa ya wale ng'ombe wanne. Jumapili tulipumzika na kuimba, tukiwa na matope masikioni. Damaris alipita tutani kila siku akigonga kwa kisigino, akisikiliza. Akisikia mahali panalia vibaya, alisema, "Vunjeni, rudieni," na tukalia, tukavunja, tukarudia. Julai mwishoni mstari mzima ulikuwa umefungwa, ingawa haujafikia kimo chake, na majani yakaota ndani kufikia mapaja. Tulipoyakata kwa mara ya kwanza watu walikuwa wakiyanusa kama mikate.

Tulibakiza kona moja, upande wa kaskazini-mashariki. Tulimaliza kuipandisha siku tisa kabla ya bamvua la Septemba. Udongo wake ulikuwa mbichi, mizizi ya majani haijashikana.

Bamvua lile lilikuja na upepo. Asubuhi mbingu ilikuwa rangi ya risasi, na upepo ulivuma kutoka pale pale kwenye kona yetu. Maji yalitarajiwa kujaa saa sita mchana. Kufikia saa nne yalikuwa yamepita alama ya juu kuliko zote tulizowahi kuziona, na bado yalikuwa yanapanda. Watu wote walikuwa juu ya tuta. Upande mmoja, karibu usawa wa nyayo zetu, bahari ilikuwa ikichemka. Upande wa pili, chini kabisa, yalikuwapo marundo ya majani makavu ishirini na sita, na shayiri imesimama. Nilitazama kushoto na kulia nikaona kizunguzungu.

"Josias! Kona!" akaita Damaris.

Mawimbi yalikuwa yanaibandua ile kona, bonge moja baada ya jingine, kama mtu anayemenya chungwa. Tulikuwa tunatupa udongo, na bahari ilikuwa inauchukua kabla haujatua.

"Udongo hausaidii," akasema Damaris, akiwa amelowa hadi nywele. "Pafunikwe! Nani ana tanga? Ngozi? Chochote kipana!"

Hatukuwa na tanga. Nikageuka nimwulize Prisca, sikumwona. Kisha nikamwona anakuja akikimbia kutoka nyumbani, anaburuta kwenye matope jora langu la sufu, nguo bora kuliko zote nilizowahi kufuma, rangi ya samawati, imefumwa ikashindiliwa hata maji hayapenyi kirahisi, niliyoitunza tangu Suffolk kwa ajili ya siku nitakayoanza tena biashara.

"Usinikodolee macho," akasema akihema. "Shika ncha hiyo."

Nilishika. Tukalitandaza kwenye mteremko, tukalipigilia kwa vigingi. Wimbi likaja, likapanda juu ya nguo, likateleza likarudi. Udongo haukutoka. Nikasikia sauti yangu ikipiga ukelele, "Majora! Leteni majora!" Sisi tulikuwa kijiji cha wafumaji. Kila nyumba ilikuwa na lake limefichwa chini ya kitanda. Yakaja mekundu, ya kijivu, ya rangi ya majani makavu, yakaja yakiburuzwa na wanawake na wasichana na Mchungaji Craske mwenyewe akiwa amebeba mawili begani. Tukayatandaza, tukayapigilia, na pale vigingi viliposhindwa kushika tukalala sisi wenyewe juu yake, bega kwa bega. Mzee Thurlow alijitupa katikati, mahali pabaya kuliko pote.

"Miaka yote mnanicheka unene," akafoka maji yakimpiga usoni. "Haya sasa, chekeni!"

Tulicheka kweli. Tulilala pale tunapigwa na bahari na tunacheka na tunalia. Wimbi moja lilitupita juu, nikadhani tumekwisha. Nilimshika Prisca mkono upande mmoja, na upande wa pili nilishika ukosi wa mtu nisiyejua ni nani.

Damaris peke yake alikuwa amesimama. Alikuwa amechomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, anakitazama bila kupepesa. Maji yalikuwa kiganja kimoja chini ya kilele cha tuta, kile kile kiganja alichokuwa ameongeza. Muda ukapita.

"Kijiti kimelowa juu ya maji," akasema hatimaye.

"Maana yake nini?" akauliza mchungaji.

"Maana yake yanashuka, Mchungaji."

Watu wakaanza kushangilia, akainua mkono. "Bado! Nyamazeni!" Tukanyamaza. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mlango wa maji. Tulisubiri saa baada ya saa, bahari ikishuka taratibu, tukisikia upepo tu, hata nikadhani ule mlango umevunjika. Kisha ikasikika ngurumo moja nzito ya mwaloni ukifunguka wenyewe, na maji yote ya mvua yaliyokuwa yamejaa kwenye mifereji yetu yakatoka kwa kishindo kwenda baharini. Hapo Damaris Holbeach aliketi chini kwenye matope, akafunika uso, na mabega yake yakawa yanatikisika. Tulimnyanyua. Sikumbuki nani alianza, nakumbuka tu kwamba alikuwa juu yetu, akipiga kelele tumshushe, na tulimbeba urefu wote wa tuta, na kurudi.

Siku kumi baadaye alikuja mjumbe wa baraza, Bwana Gamaliel Stroud, akiwa na karatasi zake tayari. Alikuja kutufuta. Alisimama juu ya tuta akaona marundo ishirini na sita ya majani, shayiri iliyovunwa, ng'ombe wanne wanene kama mapipa na ndama wawili, na majora ya rangi zote yamepigiliwa kwenye udongo kama sikukuu. Akafunga karatasi zake.

"Nani msimamizi wa kazi hii? Naomba kumwona."

Watu wote tukaonyesha kidole chini kwenye mfereji, ambako Damaris alikuwa amezama hadi mapajani akisafisha kizingiti cha mlango.

"Mama Holbeach!" nikaita. "Mjumbe wa baraza anakuhitaji!"

"Mwambie asubiri! Maji yanapwa, sina muda!"

Tulidhani Bwana Stroud atakasirika. Alikaa chini, akavua viatu vyake vya ngozi nzuri na soksi zake za hariri, akazipanga vizuri kwenye majani, akashuka kwenye matope hadi alipokuwa Damaris. Walizungumza pale karibu saa nzima, yeye akiuliza, Damaris akionyesha kwa mkono. Alipopanda, suruali yake ilikuwa haifai tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

"Mji wenu unabaki," akamwambia mchungaji. "Nitaliandikia baraza hivyo leo. Na kuna miji mitatu pwani hii yenye vinamasi kama hiki na watu wenye njaa. Mnaweza kutuazima huyu mama?"

"Muulize mwenyewe," akasema Mchungaji Craske. "Sisi tumeshajifunza."

Damaris aliposikia, alijipangusa paji la uso, akaacha mstari wa matope kutoka nyusi hadi nyusi. "Nitakwenda," akasema. "Ila nitachagua watu wangu. Namtaka Prisca Pell, anajua kuamua haraka. Namtaka seremala." Akanitazama. "Na huyu. Anasuka vizuri, na siku hizi hacheki ovyo."

Tuliondoka kabla ya theluji, watu wanne na ndama mmoja wa kuwapelekea wale watakaotupokea, kwa njia ya pwani, na mji mzima ulisimama juu ya tuta ukituimbia mpaka tukapotea machoni.